Chomelea kitako, mtutu ununue: jibu kwa fundi anayetaka kuunda mota ya baruti nyeusi

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kwetu Likoni, na sasa naishi Pennsylvania. Wenzangu wa karakana walinipeleka kuwatazama watu wanaoigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Pale kulikuwa na mota, yaani mzinga mdogo wa shaba, mfupi, mnene, umekaa juu ya gogo la mbao. Unarusha tufe juu kabisa, kisha linashuka karibu na kigingi. Tangu siku ile sifikirii kitu kingine. Karakanani kuna vipande vya bomba nene vinavyotupwa. Nikikata kimoja, nikaziba nyuma kwa bamba la chuma na kulichomelea pande zote, si nitapata mota yangu ya kurushia mipira ya gofu? Naomba unene wa bomba na kiasi cha baruti. Baruti yenyewe naweza kuichanganya nyumbani? Na isipowaka nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile usilopenda kulisikia. Unene wa bomba sikupi, wala kipimo cha baruti ya kutia ndani yake. Namba yoyote nitakayoandika utaiamini, na mimi sijui bomba lile ni la chuma gani, limepita moto gani wala lina ufa gani ndani. Wewe pia hujui. Mambo mawili yanayowaua na kuwakata mikono watu wa mchezo huu ni kasoro iliyo ndani ya chuma na kaa la moto lililobaki ndani ya mtutu, na yote mawili hayaonekani kwa aliyesimama nje. Hata hivyo mchezo wenyewe una wenyewe, watu makini, na fundi wa aina yako anahitajika sana kati yao. Basi nitakueleza kwa nini bomba uliache, halafu nikuoneshe kazi ya mikono yako iko wapi.

Kwa maelezo yako, ulichokiona ni mota ya Coehorn. Jina limetokana na Menno van Coehoorn, mhandisi wa ngome wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1704. Jeshi la Marekani lilikuwa na toleo lake la mwaka 1841, la shaba, mdomo wake una kipenyo cha inchi 5.82, yaani karibu sentimita 15, na mtutu peke yake una uzito wa pauni 164, kama kilo 74. Askari wachache waliweza kuibeba pamoja na kitako chake, lile gogo linalokaliwa na mtutu, na kuisogeza ndani ya handaki. Mji wa Petersburg, Virginia, ulipozingirwa mwaka 1864, pande zote mbili zilikuwa zimejichimbia, risasi za kwenda moja kwa moja zinapita juu ya vichwa, ndipo mota zikawa na kazi, maana tufe lake linapanda juu na kudondokea ndani ya shimo. Hapohapo Petersburg kulikuwa na ndugu yake mkubwa, waliyemwita Dictator, mota ya inchi 13 yenye uzito wa zaidi ya tani 7, iliyowekwa juu ya behewa la reli.

Nakutajia hizo makusudi. Mota ni silaha ya vita hata ikirusha mpira wa gofu. Ufupi wake unawadanganya watu wakadhani ni mwanasesere.

Utasikia pia kwamba huko Vicksburg mwaka 1863 askari wa Kaskazini walitoboa magogo ya miti, wakayafunga pete za chuma, wakayatumia kama mota, na zikafanya kazi. Ni kweli. Ila wale walikuwa vitani, walitia baruti kidogo, na wala hawakutarajia gogo lidumu. Wewe unataka kitu cha kuwasha Jumamosi baada ya Jumamosi huku watoto wako wanatazama.

Sasa tuje kwenye bomba lako. Baruti nyeusi huungua haraka mno. Ikiwashwa wazi juu ya jiwe inawaka kwa mmweko mmoja na kutoa moshi mweupe. Ikifungiwa nyuma ya tufe, gesi yake inapandisha shinikizo ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde moja. Alama ya shinikizo iliyopigwa kwenye bomba ilikusudiwa maji au mvuke unaopanda polepole na kutulia. Haikusudii pigo. Chuma kinachovumilia mzigo mkubwa ukiwekwa taratibu kinaweza kupasuka kwa mzigo mdogo zaidi ukija kwa ghafla, hasa kikiwa na baridi na kina pembe kali mahali fulani.

Na pembe kali umeitengeneza wewe. Bamba bapa lililochomelewa nyuma ya bomba linaacha kona ya ndani ambako ukuta na bamba vinakutana. Mikazo yote inakusanyika pale. Kwa nje unaona mshono mzuri, umejaa, hauna tundu. Kwa ndani, kwenye mzizi wa mshono, mara nyingi kuna mpasuo mwembamba ambako chuma hakikuyeyuka kikaungana, na mpasuo huo umeelekea moja kwa moja kwenye chemba ya baruti. Halafu kuna ukanda ulio kando ya mshono, ule uliopata joto bila kuyeyuka. Wewe unaujua kuliko mimi, ndio unaovunjika kwanza kwenye vyuma vyenye kaboni nyingi. Kwenye geti la nyumba kasoro hiyo itakaa miaka 30 bila kumdhuru mtu. Kwenye mota, bamba likikatika linarudi nyuma alikosimama mwashaji.

Kuziba kwa kifuniko cha kukaza kwa hesi, yaani mikato ya skrubu, hakusaidii. Hesi zinapunguza unene wa ukuta hasa pale unapohitajika zaidi, na kila hesi ni mwanzo mzuri wa ufa. Bomba lenye mshono wa urefu lina udhaifu uliotandaa kutoka mdomoni hadi kitakoni. Na katika silinda yoyote, nguvu ya kuipasua kwa urefu ni mara mbili ya nguvu ya kuikata kwa upana, kwa hiyo mshono wa urefu umekaa mahali pabaya kuliko pote. Chuma cha kusubu nacho hakinyumbuki. Kinapasuka vipande bila kutoa dalili yoyote. Mabomba ya plastiki hata tusiyazungumze, na ubaya wake ni kwamba vigae vyake vikimwingia mtu mwilini daktari havioni kirahisi kwenye eksirei.

Kuna kisa ambacho kila mchomeleaji angepaswa kukijua. Tarehe 28 Februari 1844, manowari ya Marekani iitwayo Princeton ilikuwa Mto Potomac na wageni mamia, Rais John Tyler akiwemo. Nahodha wake, Robert Stockton, alikuwa na mzinga mkubwa wa inchi 12 uitwao Peacemaker, uliotengenezwa kwa vyuma vya kufua vilivyounganishwa kwa moto na nyundo, na alijivunia sana. Ulikuwa umekwisha kupigwa siku ile bila tatizo. Wageni wakaomba upigwe tena. Ukapasuka nyuma ya mtutu. Waliuawa watu 6: waziri wa mambo ya nje Abel Upshur, waziri wa jeshi la majini Thomas Gilmer, na wengine, pamoja na Armistead, mtumwa wa rais. Tyler alinusurika kwa kuwa alikuwa bado chini ya sitaha.

Taasisi ya Franklin ya Philadelphia, hapo hapo jimboni kwako, iliunda kamati kukichunguza chuma kile. Wakaona maungio hayakuwa yamekamilika ndani, na kwamba chuma chenyewe kilikuwa kimedhoofika kwa kupata joto kubwa kwa muda mrefu wakati wa kufuliwa. Nje ulikuwa mzinga mnene, tena mnene kuliko mwenzake uliotengenezwa Uingereza na kuwekwa katika meli ileile. Unene haukusaidia, maana ufa ulikuwa ndani ya unene huohuo. Ajali hiyo ndiyo iliyomsukuma ofisa kijana, Thomas Rodman, kutafuta namna ya kusubu mizinga ikiwa na tundu katikati na kuipoza kwa maji kutoka ndani, ili chuma cha ndani kigande kwanza na cha nje kikibane. Karne tano zilizopita na zaidi, mwaka 1460, Mfalme James wa Pili wa Uskoti alikufa vilevile huko Roxburgh, amesimama karibu na mzinga wake mwenyewe uliopasuka.

Utaniambia: nitalijaribu kwanza kwa mbali, likistahimili basi ni zima. Hapana. Jaribio la kweli, la aina inayofanywa na nyumba za ukaguzi wa silaha kama ile ya Birmingham iliyoanza mwaka 1813, linaambatana na kupima mtutu kabla na baada, kutazama kama umepanuka hata kwa unywele, na kutafuta nyufa ambazo macho hayazioni. Bila vipimo hivyo, jaribio lenyewe linaweza kuanzisha ufa na kukuachia wewe umalizie. Chuma huchoka. Ni kama waya unaoukunja na kuukunjua: mara ya kwanza hadi ya tisa haukwambii kitu. Peacemaker nayo ilikuwa imejaribiwa.

Kwa hiyo mtutu ununue. Huko Marekani wapo watengenezaji wanaotoboa mtutu kutoka kwenye kipande kizima cha chuma, kusiwe na kiungo chochote nyuma, au wanaosubu shaba au chuma kuzunguka mrija wa ndani wa chuma cha pua au cha aloi usio na mshono. Muulize muuzaji mambo matatu kabla ya kutoa hela. Ni chuma cha daraja gani, na cheti chake kiko wapi? Nyuma pamefungwaje? Baruti ya juu kabisa ni kiasi gani, ya ukubwa gani wa chembe, kwa tufe la uzito gani? Akisita kwenye swali moja, achana naye. Kiasi cha baruti utakachotumia ni kile cha mtengenezaji, na kile cha kanuni za chama chako kikiwa kidogo zaidi, ufuate hicho.

Mikono yako basi ifanye nini? Ifanye kitako. Watu wanakidharau, na ndipo mota nyingi zinapoharibikia. Mtutu uliosimama kwa nyuzi 45 ukipigwa unasukuma kitako chini na nyuma kwa wakati mmoja. Kitako chepesi kinaruka au kinageuka, na kikigeuka risasi ya pili haiendi ulikodhani. Vitako vya zamani vilikuwa gogo zito la mwaloni lenye kanda za chuma na vishikio vinne. Mihimili miwili ya pembeni ya mtutu inakaa kwenye vitanda vyake na kufungwa kwa vifuniko vya chuma juu. Hapo pana kazi ya kutosha fundi: kukunja zile kanda zikalie mbao bila mwanya, kutengeneza vifuniko vinavyobana bila kuuma mhimili, boliti za kupita gogo zima badala ya skrubu, vishikio vya kubebea. Chomelea unavyotaka kwenye kitako. Kwenye mtutu usichomelee kitu, hata kishikio, hata nembo ya kupendeza, kwa sababu joto litaondoa kile ulicholipia. Na mota ikae juu ya ardhi ya udongo au nyasi, kamwe isikae juu ya zege wala sakafu.

Mpira wa gofu nao si mchezo. Una kipenyo cha milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 46, unapatikana popote kwa bei ndogo, ndiyo maana mota nyingi za burudani huko zimetengenezwa kwa kipimo chake. Wengine hupanda hadi tufe za bolingi, ambazo nyingine zina pauni 16, zaidi ya kilo 7. Fanya hesabu nami: kitu kikirushwa juu hadi mita 200 kinatoka mdomoni kwa karibu mita 63 kwa sekunde, na tukisahau hewa kidogo, kinakaa angani kama sekunde 13. Sekunde 13 ni nyingi. Upepo unakisukuma, mbwa wa jirani anakimbia, mtoto anatoka nyuma ya gari. Tufe la bolingi likishuka kutoka hapo linapita paa la nyumba. Likitua kwenye ardhi ngumu kwa pembe ndogo linadunda na kuendelea na safari. Uwanja wa nyuma wa nyumba, hata uwe mkubwa namna gani kwa macho ya mtu wa Likoni, hautoshi. Unahitaji shamba ambalo mwenyewe amekupa ruhusa, unaloliona lote mpaka mwisho, na lenye nafasi tupu nyuma ya shabaha kupita umbali mrefu kabisa ambao mota inaweza kufika ikikosewa.

Sasa lile la pili lisiloonekana, kaa la moto.

Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi. Inabaki kuwa masizi na chumvi ndani ya mtutu na moshi unaouona. Katika masizi hayo, au katika kipande cha karatasi au karatasi ya alumini uliyofungia baruti, cheche inaweza kuendelea kuwa hai baada ya mlio. Ukimimina baruti mpya juu yake, inalipuka mkono wako ukiwa juu ya mdomo. Ajali nyingi za mizinga ya sherehe zimetokea hivyo hivyo, kwa watu wazoefu waliokuwa na haraka. Kikosi nilichotumikia kilingoja dakika 10 kati ya mlio na mlio, na hakuna mtazamaji aliyetulalamikia mara alipoelezwa sababu.

Baada ya kungoja, kwanza unatoa mabaki kwa ufito wenye ncha mbili za chuma zilizojisokota, zinazokwangua chini ya chemba na kuvuta kilichobaki. Halafu sponji iliyolowa maji, inayoenea chemba yote, unaizungusha na kuitoa. Angalia chemba ya mota: mara nyingi ni nyembamba kuliko mdomo, kwa hiyo sponji ya ukubwa wa mdomo haifiki chini, na chini ndiko kaa lilipo. Tengeneza sponji mbili. Wakati sponji inaingia, mwenzako anaziba tundu la kuwashia kwa dole gumba lililovikwa ngozi nene, ili hewa isipulizwe humo ikaamsha cheche. Kisha sponji kavu. Baruti nyevu haiwaki vizuri, na chembe zilizoshikamana na ukuta zinakupa mlio usiotabirika.

Kopo la baruti lisisogee karibu na mota. Hili nalisema kwa uzito wote. Usimimine kutoka kwenye kopo moja kwa moja kuingia ndani ya mtutu, hata mara moja, hata kama una uhakika umesafisha. Kaa likiwashe baruti ya mlio mmoja, unaungua. Likiwashe kopo ulilolishika, hutarudi nyumbani. Vipimo vya mlio mmoja mmoja vitayarishwe nyumbani na kufungwa, vikae ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko kinachojifunga chenyewe, nyuma yenu, upande unakotoka upepo. Anayeshika sanduku asishike utambi. Na unapopakia usiinamie mdomo wa mota. Kwa kuwa inatazama juu, kila mtu anashawishika kuchungulia ndani. Simama kando, nyoosha mkono, weka, ondoa mkono. Mota haishindiliwi kwa nguvu kama gobore. Baruti inakaa chini ya chemba, tufe linatua juu yake kwa uzito wake, basi.

Ukimaliza siku, osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka yatoke meupe, kausha, paka mafuta. Chumvi za baruti huvuta unyevu hewani, na mtutu wa chuma ulioachwa mchafu kwa wiki moja unaanza kuliwa na vishimo. Vishimo ni nyufa za kesho.

Kuhusu kuichanganya baruti nyumbani, jibu ni usifanye, na kichocheo sitakupa. Kuungua wakati wa kusaga ni hatari ya kwanza. Ya pili ni kwamba baruti ya nyumbani haina nguvu inayofanana kila mara: leo dhaifu, unazidisha kiasi, kesho umesaga vizuri zaidi, na kiasi kilekile sasa ni cha kupasua. Familia ya du Pont walianza kutengeneza baruti kando ya mto Brandywine, Delaware, mwaka 1802. Mwanzilishi wake alikuwa amejifunza kazi kwa mwanakemia Lavoisier mwenyewe huko Ufaransa. Vinu vyao bado vipo pale, ni makumbusho ya Hagley, si mbali sana na wewe. Nenda ukaone majengo yale: kuta tatu nene mno za mawe, na upande wa nne, ule unaotazama mto, umeachwa mwepesi pamoja na paa, ili kinu kikilipuka nguvu iende majini badala ya kuubomoa mji. Watu waliojenga hivyo walijua kwamba siku moja kitalipuka, na vililipuka, mara nyingi, vikaua wafanyakazi. Wewe unataka kufanya kazi hiyo gereji.

Nunua dukani, katika kopo lake, iliyoandikwa baruti nyeusi, yenye chembe za ukubwa aliosema mtengenezaji wa mtutu. Chembe ndogo huungua haraka kuliko kubwa, hivyo uzito uleule wa chembe ndogo hupandisha shinikizo zaidi. Baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, isikaribie mota kwa sababu yoyote. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuungua kasi, na kijiko kimoja kinaweza kupasua mtutu ambao ungevumilia kiasi kilekile cha nyeusi bila shida.

Sheria nitaipitia haraka, lakini isome kwa makini kwa sababu wewe ni mgeni huko. Serikali kuu ya Marekani huichukulia mizinga ya kupakia mdomoni iliyotengenezwa hadi mwaka 1898, na nakala zake zisizotumia risasi za ganda, kama vitu vya kale, nje ya sheria kali za silaha. Mota ya bomba isiyo nakala ya kitu chochote cha kale haina kinga hiyo ya wazi. Tufe linalolipuka, hata dogo, ni silaha ya maangamizi kisheria na linapeleka mtu jela ya serikali kuu. Ruhusa ya kuwa na hadi pauni 50 za baruti nyeusi bila leseni inahusu baruti iliyotengenezwa kibiashara, kwa michezo na utamaduni, na silaha hizo za kale. Ya kuchanganya nyumbani haimo. Kanuni za moto za mji wako huenda zikataka kiasi kidogo zaidi ya hapo. Na sheria ya milipuko ya mwaka 2002 inawakataza wageni wengi kumiliki vilipuzi, isipokuwa wenye ukaazi wa kudumu na makundi machache mengine. Kama kadi yako ya kijani bado haijatoka, usiguse, na umwone wakili wa uhamiaji kwanza. Sitaki safari yako ya uraia ikatishwe na kopo la baruti. Jimbo na kaunti nazo zina masharti yake, kwa hiyo piga simu kwa ofisi ya moto ya kaunti.

Na ukija likizo Mombasa, mawazo haya uyaache uwanja wa ndege. Kwetu baruti bila leseni ni kosa, na wanaotumia magobore ya kutengenezwa vijijini wanajua yanavyorudi usoni. Ile mizinga ya zamani ya Fort Jesus na mingine iliyolala pwani yote isiwashwe na mtu. Chuma cha kusubu kilichoishi na chumvi ya bahari kwa muda mrefu huliwa chuma chake kikabaki grafiti, kama ile ya ndani ya penseli, umbo lilelile, rangi ileile, lakini kisu kinaweza kukikwangua. Tena usidhani mzinga wa makumbusho ni mtupu. Januari 2013, wahifadhi wa Central Park, New York, walipokuwa wakisafisha mzinga wa karne ya 18 walikuta ndani yake tufe na zaidi ya gramu 800 za baruti. Kwa miaka watu walikuwa wameupita bila kujua. Na mwaka 2008 huko Virginia mkusanyaji mmoja mzoefu aliuawa akisafisha kombora la vita vilevile ulivyovitazama vikiigizwa, likiwa na umri wa zaidi ya miaka 140.

Isipowaka: usikimbilie. Kila mtu abaki alipo, nyuma na pembeni, na mkae muda uleule wa kungoja mliouzoea, dakika 10 kwetu, kwa sababu utambi unaweza kuwa unaendelea kuungua ndani bila moshi. Hakuna kupuliza wala kuchungulia. Baadaye mtu mmoja asogee kutoka ubavuni, mwili wake usipite mbele ya mdomo, asafishe tundu la kuwashia kwa sindano ya shaba na kuweka utambi mpya. Ikikataa tena, mmwagie maji: kwanza kwenye tundu, halafu mdomoni, mpaka ijae, na muiache iloe vizuri kabla ya mtu kugusa tufe. Mota ni rahisi hapa kuliko mzinga wa kulala, kwa sababu maji hukaa. Tufe likitoka, baruti iliyolowa itolewe, iyeyushwe kwenye ndoo ya maji, isianikwe itumike tena.

Kabla ya kununua chochote, nenda Winchester, Virginia, kwenye viwanja vya Fort Shenandoah, makao ya chama cha North-South Skirmish Association kilichoanzishwa mwaka 1950. Wana mashindano ya mota, tufe ngumu zisizolipuka zinarushwa kuelekea kigingi, na kila mtutu unakaguliwa kabla ya kuruhusiwa uwanjani. Waambie wewe ni mchomeleaji. Vikosi vingi vina vitako vilivyooza na kanda zilizolegea, na mtu anayejua chuma anapewa nafasi ya kuanzia kwenye ndoo ya maji na sponji, ambako kila mmoja wetu alianzia. Nenda na futi yako, pima kitako cha Coehorn moja halisi, uchore mihimili na vifuniko vyake. Mchoro huo ukinitumia, nitakurekebishia kwa moyo mmoja.